Zawadi ya Siku Mbili Kasenga

Mkurugenzi alinieleza anachotaka akiwa amesimama dirishani, na alipomaliza ndipo akakumbuka kunikaribisha kiti. Alitaka siku mbili nje ya Lubumbashi kwa wafanyakazi wake wote: kutembea, kuona mandhari, kula vizuri, na kucheza michezo ya nje itakayowafanya wawe kitu kimoja.

"Wamefanya kazi sana mwaka huu, Madame," alisema. "Nataka wajue kwamba tunawaona."

Kiangazi kilikuwa kimeanza, ile miezi ambayo asubuhi zetu zina baridi na vumbi jekundu linaingia mpaka ndani ya droo za meza. Nilikuwa na ofisi ndogo ya safari katikati ya mji. Riziki yangu ilikuwa tiketi za ndege, na gari moja la kwenda uwanja wa ndege wa Luano kupokea wageni wa migodini, kuwafikisha hotelini, na kuwarudisha uwanjani kazi zao zikiisha. Kupeleka kampuni nzima kwenye safari ya zawadi sikuwahi kuombwa. Nilikaa pale nikiitikia kwa kichwa kama mtu aliyezoea, huku vidole vyangu vimeubana mkoba magotini.

Kampuni ile iliuza na kutengeneza pampu za kutolea maji migodini. Shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma katika karakana yao, na ndiye aliyemweleza habari zangu mama msimamizi wa wafanyakazi. Kwa hiyo nilijua tangu siku ya kwanza kwamba safari hii ikiharibika, haitaharibikia ofisini kwangu tu. Itanifuata mpaka Katuba, kwenye meza ya dada yangu, Jumapili baada ya misa.

Mkurugenzi aliota maporomoko ya Lofoi. Alikuwa ameona picha. Nikamweleza habari za njia, na mwendo wa miguu, na kwamba nusu ya watu wake wangefika wakiwa hawana hamu ya kuangalia maji yoyote. Nikapendekeza Kasenga: mto Luapula, soko la samaki, Zambia inaonekana ng'ambo, na uwanja mpana kando ya maji wa kuchezea. Alisikiliza bila kunitazama mpaka nilipotaja mitumbwi.

"Mashindano ya mitumbwi," alisema. "Karakana dhidi ya kitengo cha mauzo. Hilo liweke."

Nilisema nitaliangalia. Nilipokuwa nikishuka ngazi nilishaanza kuliogopa.

Wiki iliyofuata nilikwenda Kasenga kukagua, pamoja na yule mama msimamizi wa wafanyakazi. Alikuwa mwanamke mrefu, mtulivu, miwani yake ikining'inia kifuani kwa mnyororo, na ukimuuliza jambo alinyamaza kwanza kana kwamba swali linahitaji kupoa. Njiani tulihesabu mashimo na tukazungumza habari za watoto. Tulipofika tulitafuta nyumba ya wageni yenye vyumba vya kutosha, tukaonja chakula chao, tukapita kwa watu wa uhamiaji, maana pale mto ndio mpaka na hawapendi kuona kundi la watu wa mjini majini bila taarifa. Kisha tukashuka ufukweni kumtafuta mwenye mitumbwi.

Alikuwa mama mfanyabiashara wa samaki wa kukaushwa, mikono yake ikinukia moshi, mitumbwi yake ikiendeshwa na kaka zake. Alitusikiliza, akatazama viatu vyetu, akatoa masharti yake. Mashindano yataishia kwenye matete ya kisiwa kidogo kilichokuwa mbele yetu, yasipite hapo, kwa sababu nyuma ya kisiwa kuna viboko. Yafanyike asubuhi kabla upepo haujaamka. Kila mtu avae jaketi la kuelea. Boti ya injini ikae tayari. Na mtu yeyote akinyanyua kasia juu, mtumbwi wote unasimama, hakuna kuuliza.

"Mutu wa mujini anaogopa kusema anaogopa," alisema. "Njo ile inaua."

Tukakubaliana. Tulipokuwa tukipanda kurudi kwenye gari, mama msimamizi alisimama akaugeukia mto.

"Kama ingekuwa ni wewe unaamua, ungeweka mitumbwi?"

"Nisingeweka."

"Basi mwambie," alisema. "Mimi nimemwambia mpaka nimechoka."

Nilidhani anazungumzia mitumbwi.

Niliporudi Lubumbashi niliomba kuonana na mkurugenzi. Nilitandaza ratiba mezani kwake: basi, vyumba, ziara ya soko la samaki, kuvuta kamba, mbio za kupokezana, mitumbwi asubuhi ya pili. Mama msimamizi alikuwa ameketi kando. Mkurugenzi alisoma yote, akarudi nyuma kitini.

"Kutakuwa na wageni wawili," alisema. "Wataje kama rafiki zangu. Hawatacheza. Watakaa na kuangalia."

"Kuangalia nini, Patron?"

"Nani anaongoza. Nani anafuata. Nani anachoka upesi, nani anasikia anapoambiwa." Alikuwa akipanga kalamu zake mezani, moja kando ya nyingine. "Baada ya safari nitapunguza watu. Tumepoteza mgodi mmoja mkubwa na wenye kampuni wako mbali, hawamjui mtu hata mmoja hapa. Nisipowapa sababu, watakata wenyewe. Mimi nataka kukata kwa haki."

Nilimtazama mama msimamizi. Alikuwa akitazama zulia.

"Lakini umewaambia ni zawadi," nikasema.

"Wakijua wataigiza. Na hili halitoki humu ndani."

Sijui nilipata wapi sauti. Nilimwambia kwamba uwanjani mtu anayepimwa kwa ajili ya mkate wake ataumia goti, basi. Lakini majini mtu huyo hatasema amechoka, hatasema maji yanaingia, hatanyanyua kasia. Atanyamaza mpaka azame. Nilisema mimi ndiye nitakayekuwa nimesimama ufukweni.

Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu. Kisha akasema, "Mjini kuna ofisi nyingine za safari, Madame. Nipe jibu kabla ya Jumatatu."

Mama msimamizi alinisindikiza mpaka getini. Tulitembea katikati ya mabomba na mashine zilizosubiri kutengenezwa. Karakanani cheche za kuchomelea zilikuwa zikiruka, na sikuthubutu kutazama kama ni shemeji yangu.

"Nilitumaini utakataa pale pale," alisema.

"Na wewe?"

"Mimi nilikataa. Akaniuliza kama ninataka kuwa wa kwanza kuondoka."

Jumapili nilikwenda Katuba. Dada yangu alinipokea akicheka. Akaniambia mume wake amepata wazimu, anakimbia kila asubuhi mpaka barabara kubwa na kurudi, na goti lile bovu, na amejinunulia kaptula. Mwanamume huyo alikuwa amemaliza nusu ya maisha yake ameinama juu ya chuma. Tangu tumjue hatukuwahi kumwona na kaptula. Tulikula bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo, na yeye akala kidogo, akisema tumbo zito linamharibia mbio. Dada akacheka tena.

Baada ya kula shemeji alitoka kukaa nyuma ya nyumba, mahali jua linapopiga ukuta. Nikamfuata. Nilikuwa nimekesha siku zile nikiligeuza jambo lile kichwani, na kila upande niliogeukia uliniuma. Nikisema, ninatoa siri niliyoachiwa, na pengine yeye ndiye atakayeadhibiwa. Nikinyamaza, nitamvalisha jaketi la kuelea kwa mikono yangu mwenyewe huku najua.

"Shemeji," nikaanza, "ile safari ya Kasenga si vile mlivyoambiwa."

Aliendelea kulisugua goti lake kwa kiganja.

"Shemeji, shiye tulishajua," alisema. "Weye unazania batu ba karakana habana masikio? Zawadi gani inakuya na batu ba kuangalia?"

"Sasa unakimbia kwa nini?"

"Sababu goti ikikufa pale, banasema huyu amezeeka. Njo naitayarisha." Alisema hivyo bila hasira. Kisha akanigeukia. "Usiikatale ile kazi."

"Nilikuwa nataka kuikataa kesho."

"Ukiikatala itapewa mutu mwingine, na ule mutu hatatafuta ata jaketi moja. Weye unatujua. Fanya yako muzuri, na shiye tutafanya yetu."

"Yenu ni nini?"

"Ile usiniulize," alisema, akanyanyuka kwenda kuzungumza na jirani juu ya ukuta.

Jumatatu nilimpigia mkurugenzi simu. Nikamwambia nitaifanya safari kwa masharti matatu: kila mtumbwi uwe na mwenyeji wa Kasenga nyuma akiuongoza, mimi peke yangu niwe na neno la kusimamisha mchezo, na kabla hawajapanda niwaambie kwa sauti kwamba hakuna anayelazimishwa. Nilijiandaa kwa mabishano. Alikubali yote upesi.

"Waambie unavyopenda," alisema. "Hakuna atakayebaki nchi kavu."

Hilo lilinitisha kuliko kama angebisha.

Siku ya safari basi liliondoka alfajiri. Nimewahi kupanda mabasi ya kwaya na ya harusi, najua sauti ya watu wa Lubumbashi wakitoka mjini kwa furaha. Basi lile lilikuwa kimya. Watu wa mauzo walikaa mbele, watu wa karakana nyuma, na wale wageni wawili, kijana mmoja na mwanamke mmoja wenye viatu vipya vya kupandia milima, walikaa karibu na dereva. Walitabasamu kwa kila mtu, na kila mtu aliwarudishia tabasamu. Mkurugenzi alitangulia na gari lake.

Kasenga tuliona soko la samaki kama ratiba ilivyosema. Mama wa mitumbwi alitutembeza kwenye majiko ya kukaushia, akaeleza samaki wepi wanabaki na wepi wanapanda magari kwenda Lubumbashi. Watu walipiga picha. Walinunua samaki wa kupelekea familia. Kwa muda mfupi nilisikia mtu akicheka kicheko cha kweli, nikafikiri labda ninaogopa bure.

Mchana tulikwenda uwanjani kuvuta kamba. Karakana upande huu, mauzo upande ule, kitambaa chekundu katikati. Mkurugenzi alikaa chini ya turubai pamoja na wale wageni. Mama msimamizi alichezea upande wa mauzo, amevua miwani. Shemeji yangu alikuwa wa mwisho upande wake, kamba imemzunguka kiunoni, kaptula yake mpya ikipepea. Nikapuliza filimbi.

Kamba ilikaza. Niliona misuli ya shingo imesimama, visigino vimechimba mchanga. Kitambaa kilicheza kidogo, kikatulia. Nikasubiri. Watu walikuwa wakihema, nyuso zimekunjamana, jasho linatoka, na kitambaa kiko pale pale. Mkurugenzi alipiga makofi kuwahimiza. Kitambaa hakikwenda popote. Ndipo nikaona kwamba kila upande mmoja ulipozidi kidogo, mtu fulani alilegeza, na upande wa pili haukuchukua nafasi ile. Walikuwa wanashikilia kamba tu. Wote.

Nilimtafuta shemeji kwa macho. Alikuwa ametazama mbele kama mtu aliye kanisani.

"Wanafanya nini?" mkurugenzi aliniuliza. Alikuwa amesimama.

"Wanavuta, Patron."

Nilipuliza filimbi ya sare. Tukarudia. Ikawa vile vile. Yule mwanamke mgeni aliweka kalamu chini, akainama kumnong'oneza mwenzake. Hakuna mfanyakazi aliyecheka, hakuna aliyekonyeza mwenzake. Kama wangecheka ingekuwa mzaha, na mkurugenzi angeweza kuuzima kwa mzaha. Wao walifuta mikono na kusubiri mchezo unaofuata.

Katika mbio za kupokezana mtu mmoja aliuvunja mpango huo. Alikuwa kijana wa mauzo, hodari, mwenye mke aliyekaribia kujifungua. Wengine walikimbia bega kwa bega, wakifika pamoja, wakipokezana pamoja. Yeye alipopewa kijiti alisita hatua mbili, kisha akachomoka. Alikimbia vizuri sana. Alifika peke yake, akageuka na mikono yake iko nusu juu, na hapakuwa na sauti hata moja ya kumpokea ila makofi ya mkurugenzi. Jioni ile alikula peke yake mwisho wa meza. Mama msimamizi alihamisha sahani yake akaenda kukaa karibu naye, na sikusikia walichosema.

Mkurugenzi aliniita pembeni kabla watu hawajakwenda kulala.

"Wewe umewaambia."

"Nilimwambia mmoja, na alikuwa ameshajua. Wote walikuwa wameshajua."

Nilitazamia ukali, lakini alionekana mtu asiyejua pa kuweka mikono yake. "Kesho mitumbwi iko pale pale," akasema.

Asubuhi upepo uliwahi kuamka. Nilipofika ufukweni, mama wa mitumbwi alikuwa amesimama na kitenge chake kimebanwa kwapani, akitazama maji. Yalikuwa yameanza kukunjamana katikati, mbali, rangi yake imegeuka. Nikamuuliza kama tuahirishe. Akasema kwenda mpaka kwenye matete na kurudi, upesi, inawezekana. Lakini wakichelewa, hapana. Nilikuwa na neno la kusimamisha. Mpaka leo nikikumbuka dakika ile, najisikia vile vile: mkurugenzi na wageni wake nyuma yangu, watu wameshavaa majaketi, na mtaalamu wa mto ule ameniambia inawezekana. Niliruhusu.

Kabla hawajapanda nilisema nilichokuwa nimeahidi kusema. Nilisema kwa sauti kwamba hakuna anayelazimishwa, na kwamba atakayebaki na mimi nchi kavu hatakuwa amekosa chochote. Nikarudia habari ya kasia: likinyanyuliwa, kila kitu kinasimama. Nilisubiri. Hakuna aliyesogea. Shemeji yangu hajui kuogelea. Alipita mbele yangu akaingia kwenye mtumbwi, na mimi nikamkaza kamba za jaketi.

Walikwenda mitumbwi miwili ikiwa sambamba, makasia yakishuka pamoja, kana kwamba walikuwa wamefanya mazoezi. Kutoka ufukweni ilikuwa nzuri kuangalia. Walifika kwenye matete, wakageuka, na hapo upepo ukawakuta ubavuni. Mtumbwi wa karakana ulikuwa mzito zaidi. Niliona wimbi dogo likiingia ndani, kisha jingine. Niliona watu wa katikati wakitazama miguuni mwao. Na makasia yakaendelea.

"Nyanyueni," nilisema, ingawa hawakuweza kunisikia. "Nyanyueni, jamani."

Hakuna kasia lililopanda. Mwenyeji aliyekaa nyuma alikuwa akipiga kelele, tulimwona mdomo. Wao walikuwa wameinamisha vichwa, wanapiga maji. Nilipuliza filimbi mpaka masikio yakaniuma na upepo ukaichukua sauti yake kwenda juu, upande wa nyumba. Kaka ya mama wa mitumbwi alikuwa anavuta kamba ya injini ya boti, na injini ikakohoa, ikazima. Akavuta tena. Nyuma yangu nilimsikia mkurugenzi akiuliza kinachoendelea, mara ya kwanza kwa sauti ya kawaida, mara ya pili si ya kawaida.

Kasia la kwanza lililopanda lilikuwa la mtumbwi wa mauzo, uliokuwa mkavu na umeshatangulia. Nilimtambua kwa urefu wa mkono: mama msimamizi. Alilisimamisha juu na hakulishusha. Mmoja mmoja wakaacha kupiga maji, isipokuwa yule kijana wa mbio za kupokezana, aliyekuwa mbele kabisa. Aliendelea kupiga maji peke yake, kwa nguvu zote, na kwa kuwa alikuwa peke yake mtumbwi haukwenda mbele, ulianza kuzunguka. Ulizunguka mpaka akawa anautazama ule mwingine uso kwa uso. Nadhani hapo ndipo alipoona maji yamefika wapi. Akaacha.

Kisha kule kwenye mtumbwi wa karakana kasia likapanda, na jingine, na yote. Shemeji yangu alikuwa anachota maji kwa kofia. Mtumbwi wa mauzo ulirudi nyuma, wakautupia kamba, wakaushika usipinduke, na injini ya boti ikakubali. Walivutwa mpaka matete ya upande wetu, mahali maji yanafika kiunoni, wakatembea mpaka nchi kavu wakishikana mabega. Hakuna aliyezama. Hakuna aliyeumia, ila kiganja kimoja kilichochubuliwa na kamba.

Nilimpokea shemeji kwa kumfungua jaketi, vidole vyangu vikikataa mafundo. Meno yake yalikuwa yanagongana.

"Mbona hamkunyanyua?" nikamuuliza.

"Kila mutu alikuwa anangojea mwenzake," alisema.

Mama msimamizi alipita mbele yetu, nguo zinachuruzika, akaenda moja kwa moja mpaka kwa mkurugenzi. Hakupaza sauti, lakini ufukwe mzima ulimsikia.

"Waambie sasa, Patron. Au nitawaambia mimi."

Mkurugenzi alitazama wageni wake, kisha akawatazama watu waliokuwa wanakamua mashati. Nilidhani atapanda gari aondoke. Badala yake alishuka mpaka pale mchanga ulipolowa, na viatu vyake vya mjini, akawaambia. Alisema mgodi umepotea, watu watapunguzwa, na wale wawili walikuja kumsaidia kuchagua. Alisema aliona ni bora kuliko kuchaguliwa na watu wasiowajua. Sauti yake ilikuwa kavu.

Shemeji yangu alikuwa amejifunga shuka langu mabegani. Ndiye aliyejibu, na alijibu kwa upole ulionishangaza.

"Patron, kama ungetuuliza, tungekuambia. Kati yetu kuko benye banachoka. Kuko benye banataka kwenda nyumbani, kama mukizungumuza nabo muzuri. Hapana lazima kututia mu maji."

"Wewe unataka kwenda nyumbani?"

"Leo, ndiyo," alisema shemeji, na watu wachache wakacheka.

Chakula cha mchana kililiwa. Nilikuwa nimeagiza samaki wa kuchoma wengi na hakuna aliyesema hataki. Mkurugenzi alikula pamoja nao, amevua viatu, na mazungumzo yalikuwa machache na ya mambo madogo: chumvi, pilipili, barabara. Wale wageni walirudi mapema na gari lake. Kwa hiyo yeye alirudi nasi ndani ya basi, kiti cha nyuma ya dereva, na njia nzima sikumwona akisinzia.

Kupunguzwa kulikuja. Walikaa na wawakilishi wa wafanyakazi majuma kadhaa, mezani, bila kamba wala mitumbwi. Waliokuwa tayari kuondoka waliondoka kwanza, kwa makubaliano, na shemeji yangu alikuwa miongoni mwao. Waliofuata hawakuwa tayari, na wengine waliondoka wakilia. Sitaki kuisimulia kana kwamba ufukwe ule uliponya kila kitu. Kijana wa mauzo alibaki kazini. Mama msimamizi alibaki mpaka makaratasi ya mwisho yalipowekwa sahihi, kisha akaondoka mwenyewe, akapata kazi Likasi. Mkurugenzi hakunipa kazi nyingine, na sikuitafuta.

Dada yangu alinikasirikia kwa muda. Alisema ningemwambia yeye kwanza, si mume wake, kwa kuwa yeye angemfungia mlango siku ile asiende popote. Nilikuwa ninamwona bado akicheka habari ya ile kaptula.

Sasa shemeji na mafundi wenzake wawili wamekodi ua Kampemba, wanatengeneza pampu ndogo za watu wa bustani na za visima vya nyumbani. Nilipita juzi kumsalimia nikamkuta amelala chali chini ya mashine, miguu tu ndiyo inaonekana, akimwelekeza mteja mwanamke jinsi ya kusikiliza mota inayotaka kufa. Alinitambua kwa sauti. Akaniambia ningoje, anamaliza. Nikavuta kopo la rangi nikakalia, na yule mteja akanipisha kivulini.